Ojwang' Tuliyemdhania wa Kwetu

Jumatatu ya Julai 13, 2015, nilikuwa kwa kinyozi pale Kondele, Kisumu, nimefungwa kitambaa shingoni na kichwa kimenyolewa nusu, stima ikapotea. Mashine ikanyamaza. Kinyozi akaiweka chini, akasema tungoje kidogo. Tulikuwa watu wanne mle ndani na gazeti moja. Kijana aliyekuwa kwenye benchi akaanza kutusomea: Mzee Ojwang', yule mchekeshaji wa runinga, amefariki jana usiku katika Hospitali Kuu ya Kenyatta. Tukaguna. Kisha akasoma jina lililokuwa chini ya picha, Benson Wanjau, na hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Soma tena hilo jina," mzee mmoja akamwambia.

"Benson Wanjau."

"Wamechanganya picha."

"Jaduong', ni yeye. Jina lake ndilo hilo."

"Huyo ni Mjaluo wa Gem. Hiyo sauti ni ya Gem kabisa. Mimi nimeoa huko, wewe utaniambia nini?" Akamgeukia kinyozi kutafuta shahidi. "Kama Ojwang' ni Mkikuyu, basi mimi ni Mhindi."

Kinyozi ni mtu wa Vihiga, na hakuwa na haraka ya kumwokoa. "Na mama watoto pia si Mjaluo, mzee. Mama Kayai ni wetu. Mluhya."

Mzee akaomba gazeti. Hakuwa na miwani, kwa hiyo alilinyoosha mbali mpaka mwisho wa mkono, akaitazama ile picha muda mrefu, kama mtu anayekagua noti ya elfu sokoni.

Nimekuwa nikifundisha maigizo katika shule za upili za huku kwa miaka mingi, na mabishano ya siku ile hayajanitoka kichwani. Yule mzee hakuwa mjinga. Alikuwa mtazamaji hodari, anayejua kutofautisha Kiswahili cha mtu wa Gem na cha mtu wa Nyakach, na bado Wanjau alimpitia katikati ya vidole kwa miongo mitatu. Aliwezaje? Na kumweza huko kulimletea nini yeye mwenyewe?

Kwa wasiomjua: Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu, na umri wake alipofariki ulitajwa kuwa miaka 78. Homa ya mapafu ndiyo iliyomwondoa. Alianza kuonekana enzi ambapo kituo cha taifa bado kiliitwa Sauti ya Kenya, kabla hakijawa KBC mwaka 1989, akaigiza katika vipindi vya vichekesho, Vioja Mahakamani na zaidi ya yote Vitimbi, akiwa Mzee Ojwang' Hatari, mume wa Mama Kayai. Mama Kayai ni Mary Khavere. Kwa maneno mengine, sisi wa Kisumu tuliipenda kwa miaka na miaka nyumba ya Kijaluo ambayo bwana wake hakuwa Mjaluo wala bibi yake hakuwa Mjaluo.

Sehemu ya jibu ni ya kawaida tu. Hatukuwa na kingine cha kutazama. KTN ilipoanza mwaka 1990 ilikuwa ya watu wa Nairobi. Huku kwetu kituo kilibaki kimoja kwa muda mrefu. Mtaani tuliishi nyumba sita kwa runinga moja, Greatwall ya inchi kumi na nne, na antena yake ilifungwa kwenye mti mrefu wa mkaratusi. Mtoto mmoja alitumwa nje kuizungusha huku mwingine akipiga kelele dirishani: bado, bado, rudisha kidogo, hapo hapo usiguse. Yule wa nje alikosa nusu ya kipindi kila wiki. Mara nyingi alikuwa mimi. Kwa hiyo Ojwang' nilimjua kwanza kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, na labda ndiyo maana lafudhi yake imenikaa hivi.

Lakini kituo kuwa kimoja hakuelezi kila kitu. Waigizaji wengine walikuwa kwenye kituo hicho hicho na hatukuwapa ukoo.

Tutazame lafudhi yenyewe. Dholuo haina sauti za sh, z wala v. Mjaluo aliyejifunza Kiswahili ukubwani atalima *samba*, atamheshimu *msee*, na kipindi chenyewe atakiita *Fitimbi*. Hilo kila mchekeshaji wa mitaani analijua na ndilo analoanzia. Mkikuyu naye ana zake. Gikuyu haina l, na mzee wa Nyeri akichoka ataenda *kurara*. Sasa mweke Mkikuyu acheze Mjaluo. Ana kazi mbili kwa wakati mmoja: avae kosa lisilo lake na avue lililo lake. Dholuo ina l na ina r, zote mbili, na hazichanganyi. R moja tu ikiteleza mahali pa l, mzee wa Kondele angeinuka kwenye kiti na kusema huyu ametoka mlimani. Haikuteleza kiasi cha kumshtua. Hiyo ni kazi ya sikio, na mtu huipata kwa kukaa na watu na kuwasikiliza wakati hawajui wanasikilizwa.

Na hata hivyo, kwa maoni yangu herufi zilikuwa sehemu ndogo. Alichokishika Wanjau ni mwendo wa mzee. Mzee wa Kijaluo akikasirika nyumbani haanzi kwa kupayuka. Ataanza na swali ambalo jibu lake analijua, atalirudia polepole, na yule anayeulizwa ataanza kujieleza mambo ambayo hata hayakuulizwa. Kelele huja baadaye, na ikija ni ya kufunga mlango tu. Ojwang' alikuwa na ule utulivu wa kabla ya kelele. Tulicheka kwa sababu tulimjua mtu kama huyo, na wengi wetu tulikuwa tumekaa naye chumba kimoja tukimtazama runingani.

Wanafunzi wangu nawapa jaribio moja nililolitoa kwake, ingawa hakuwahi kunifundisha. Kila mwaka tamasha za maigizo zikikaribia, kuna shule italeta bawabu Mluhya. Hawakosi. Mwaka mmoja kijana aliandika kichekesho kizuri sana: bawabu anaulizwa na mwajiri wake kuhusu wizi wa usiku, naye anajibu, "Bosi, mwizi aliniuliza saa. Nikampa." Hapo pana kichekesho halali cha Kiswahili, kimejaa ndani ya neno moja. Sasa kijana akapanda jukwaani akasema, "*Posi, mwisi...*" Ukumbi ukalipuka kwenye *Posi*. Walicheka mpaka hakuna aliyesikia habari ya saa. Kijana alishuka akiwa na furaha, anadhani ameshinda. Nilimwambia arudie kesho yake kwa Kiswahili cha redio, bila lafudhi yoyote. Watu walichelewa sekunde moja, kisha wakacheka kwa kina zaidi. Lafudhi ilikuwa imemla ng'ombe na kumwachia mkia.

Ukimvua Ojwang' lafudhi, mzee anabaki. Hilo ndilo linalomtofautisha na waigaji wengi waliokuja baada yake, wanaodhani kusema *samba* ni kazi ya kutosha. Charles Bukeko, aliyecheza Papa Shirandula kwenye runinga, naye alipita jaribio hilo, kwa njia nyingine. Yeye alikuwa mtu wa Busia akicheza Mluhya, lafudhi ya kwao, hakuna cha kuazima. Lakini kicheko cha Papa Shirandula hakikukaa kwenye p na b. Kilikaa kwenye uongo: mtu mzima anatoka nyumbani na suti, mke wake Wilbroda anaamini anakwenda ofisini, kumbe anafika kazini anavaa sare ya ulinzi. Nani huku magharibi hana mjomba Nairobi ambaye kazi yake haielezeki vizuri? Sisi wenyewe tuna maneno ya kuificha. "Yuko kwa kampuni fulani." Bukeko alilijua lile aibu na alilitendea haki, hakulikanyaga.

Kuna wanaosema mchezo wote huu wa makabila ulikuwa dhihaka, na kwamba tulizoeshwa kucheka jirani kwa jinsi anavyotamka. Siwapuuzi. Nimeona watoto wa Nakuru wakirudi kwao likizoni hawataki kumpelekea nyanya yao wageni kwa sababu ya Kiswahili chake. Dhihaka ipo, na Vitimbi pia ilikuwa na siku zake za uvivu. Ila kwa kisa hiki nina ushahidi wa Kondele. Mtu akidhihakiwa hujua. Yule mzee hakujiona amedhihakiwa. Alikuwa tayari kuapa kwamba Ojwang' ni shemeji yake.

Sasa kuna jambo ambalo hatukulizungumza mle kwa kinyozi, ingawa kila mmoja wetu alikuwa na umri wa kulikumbuka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Kisumu maduka ya Wakikuyu yalichomwa na wenyewe wakafukuzwa. Hatua chache kutoka kinyozi kile palikuwa na duka la vipuri ambalo mwenyewe hakurudi tena. Mwisho wa Januari ikawa zamu ya Nakuru na Naivasha, na huko waliofukuzwa walikuwa Wajaluo, Waluhya na Wakalenjin. Jina kwenye kitambulisho lilitosha. Katika mwezi ule, mtu aitwaye Wanjau asingeweza kupita Kondele, na mtu aitwaye Ojwang' asingeweza kupita Naivasha. Mwili mmoja ulibeba majina yote mawili.

Simfanyi kuwa nabii wa umoja. Alikuwa mwigizaji anayetafuta riziki, na hotuba za umoja wanatoa wengine. Ninachosema ni kidogo zaidi: sikuwahi kumsikia mtu yeyote huku akidai Ojwang' arudishe jina. Wengine labda hawakujua, kama yule mzee. Lakini wengi tulijua, na tuliendelea kumwita Ojwang'. Kinyozi alijua siku zote.

Upande wa pili wa kisa hauchekeshi.

Kwa zaidi ya miaka 30, kila alichofanya Wanjau kilimwongezea Ojwang' jina. Ojwang' aliitwa kwenye harusi, Ojwang' alisalimiwa kwenye matatu, Ojwang' alijulikana na mtoto wa Busia ambaye hajawahi kuiona Nairobi. Kisha macho yakaanza kufifia, na macho hayakuwa ya Ojwang'. Yalikuwa ya Wanjau. Bili ya hospitali haiandikwi jina la mhusika.

Wakenya walichanga ili atibiwe macho. Nilichanga pia, kiasi nisichoona fahari kukitaja, na nilipotuma nilijihisi vizuri kwa siku nzima. Baadaye ndipo nilipojiuliza kwa nini mtu niliyemtazama utoto wangu wote alihitaji mia yangu. Si swali la ubahili wa mtu mmoja. Waigizaji wengi wa vichekesho enzi zile walilipwa kwa kipindi walichorekodi. Umerekodi, umelipwa, umekwenda nyumbani. Kipindi kikirudiwa mwaka ujao, na mwaka unaofuata, aliyerudiwa ni mhusika. Mwigizaji anajiona kwenye kioo cha runinga akila ugali wake kama mtu mwingine yeyote. Hakuna mshahara, kwa hiyo hakuna mwajiri wa kumkatia NSSF, na uzeeni hakuna pensheni. Hii ni hesabu ya kibarua wa mjengo, isipokuwa kibarua wa mjengo haombwi picha barabarani.

Sheria ilikuja, ila ilikuja jioni. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, iliyoanza kutumika 2003, inamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake uliorekodiwa, na kuna chama, PRISK, cha kuwakusanyia waigizaji na wanamuziki malipo. Kwa kijana anayeanza leo hilo ni jambo kubwa. Kwa mtu ambaye kufikia 2003 alikuwa ameshajaza kanda za miaka na miaka chini ya utaratibu wa zamani, ni kama kuletewa mwavuli umeshafika nyumbani.

Hapa nitatoka kidogo kwa Wanjau, kwa sababu jambo la jina halijaisha naye. Kuna msichana niliyemfundisha ambaye alianza kutengeneza vichekesho vifupi vya simu hapa Kisumu. Alijitungia mhusika, mama wa sokoni Kibuye anayejua siri za kila mteja wake kwa kutazama anachonunua. Akapata watazamaji. Mtayarishaji mmoja akamwita Nairobi, akampa karatasi, akasaini bila kuisoma yote kwa sababu, aliniambia, "Mwalimu, ilikuwa na kurasa tisa na gari lilikuwa linangoja." Kwenye ukurasa wa saba jina la yule mama lilikuwa mali ya mtayarishaji. Walipokosana mwaka uliofuata, alirudi Kisumu na sura yake, sauti yake na mwili wake, lakini hana ruhusa ya kuitwa jina alilojibatiza mwenyewe. Watu walimwita nalo barabarani naye akawa hawezi kulitumia kwenye bango.

Nilimwambia ajiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, kiwango cha chini kwa asiye na ajira ni shilingi 300 kwa mwezi, na asisaini kitu tena ndani ya gari. Ushauri wangu uliishia hapo. Si mwingi, lakini kizazi cha Vitimbi hakikuwa hata na huo.

Turudi kwa kinyozi. Stima ilikuwa bado. Mzee alikuwa ameshakubali, nadhani, kwa sababu swali lake lilibadilika. Aliacha kuuliza kama ni kweli, akauliza, "Sasa watampeleka dala gani?" Dala ni nyumbani kwa mtu, kwa ukoo wake.

Mtu wa nje anaweza kudhani ni swali dogo. Huku ndilo swali. Nchi nzima ililijua mwaka 1987, wakati mwili wa wakili S.M. Otieno ulipogombaniwa mahakamani kwa miezi kati ya mjane wake, Wambui, Mkikuyu aliyetaka azikwe kwenye shamba lao la Upper Matasia, Ngong, nje kidogo ya Nairobi, na ukoo wa Umira Kager uliotaka arudi Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda. Otieno aliishi maisha yake kama mtu wa Nairobi, akazikwa kama mtu wa ukoo. Mzee wetu alikuwa na kesi ya kinyume mkononi: mtu aliyeishi kwenye kioo kama mtu wa ukoo, na hakuna kijiji Siaya cha kumpokea. Kijana akasema hajui, gazeti halijaandika. Baadaye tulisikia kaburi ni Lang'ata, Nairobi. Makaburi ya umma, ambapo hakuna anayeuliza mtu ametoka wapi.

Miaka mitano baadaye, karibu wiki ile ile, tulimpoteza Bukeko. Alifariki Julai 18, 2020, akiwa na miaka 58, kwa korona, na siku mbili baadaye alikuwa ameshazikwa Namisi, Funyula, kwa masharti ya wizara. Mtu anayejua mazishi ya Waluhya anajua siku mbili ni nini: jamaa wa mbali hata hawajapata nauli, sufuria hazijaazimwa. Yeye angalau dala alikuwa nayo, na lafudhi aliyoichuma pesa ilikuwa ndiyo ile ile waliyomlilia nayo. Nilipowaona kwenye runinga wakiharakisha nilimkumbuka yule mzee wa Kondele na swali lake.

Stima ilirudi baada ya kama saa nzima. Kinyozi akamalizia upande wangu uliobaki, na haraka yake niliisikia kwenye ngozi. Alipomaliza hakunyoosha mkono kudai hamsini yake. Alimwomba kijana lile gazeti, akachukua mkasi, akaikata picha ya Ojwang' taratibu ili aibandike kwenye kioo, pembeni ya zile picha za mitindo ya nywele ambazo hakuna mtu huomba. Mzee alisimama nyuma yake akimwelekeza. Pale chini ya kidevu kinyozi alisita, maana jina lilikuwa limeandikwa karibu mno na picha.

"Kata hapo hapo," mzee akasema.

Akakata. Kipande chenye jina kikaanguka juu ya nywele zangu, na kijana akaja na ufagio.